Mtoto wa nyoka kagoma kula: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa ndugu zetu walioko Marekani na Uingereza, huko nyoka anauzwa dukani kama sungura tu, na wengi mna shida moja, kanyoka kamefika nyumbani na hakataki kula. Twende.

*Nimenunua bolpaithoni mtoto (yule chatu mfupi wa Afrika), wiki ya pili sasa hajagusa panya hata mmoja. Kila siku namtoa namshika ili anizoee lakini wapi. Atakufa? (Dada, Columbus, Ohio)*

Hafi, dada, ila kuanzia leo usimshike kabisa. Hawa chatu wafupi kwao ni Ghana, Togo, Benin, wanafika mpaka kaskazini magharibi mwa Uganda, na mchana wanashinda kwenye mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa. Sasa wewe umemweka kwenye tangi la kioo, pande zote watu wanapita, taa inawaka, alafu kila siku mkono unashuka kutoka juu kumkamata, jamani hapo anawaza kuokoa roho yake, njaa ataisikia saa ngapi? Mfunike tangi pande tatu, mwekee vificho viwili vyenye kumbana, yaani akijikunja mgongo uguse ukuta, kimoja upande wa joto kimoja upande wa baridi. Joto liwe nyuzi 31 mpaka 32 za Selsiasi, upande wa pili 25 au 26, na hita lazima iwe na thamostati, yaani kifaa cha kuzuia joto lisizidi, maana bila hiyo utamuunguza. Unyevu asilimia 60 hivi. Mwache wiki nzima, badilisha maji tu basi, alafu usiku mpe panya mmoja mwenye unene kama wa tumbo lake, asizidi hapo. Wengi wao hapo ndo wanakula, na wanaoshindwa kungoja ndo hao hao wanaonirudia na swali lile lile.

*Nyoka wangu panya wa friza hamtaki, anataka panya hai tu. Nifanyaje? (Leicester)*

Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, kwa hiyo panya wa baridi kwake ni kama jiwe. Myeyushe kwenye friji usiku kucha, kesho yake mtie kwenye mfuko wa plastiki umzamishe kwenye maji ya moto ya bomba mpaka afike kama nyuzi 38 au 40, mkaushe vizuri, zima taa, mshike kwa koleo refu umtikise taratibu mbele ya kificho. Maikrowevu usijaribu, anaiva ndani na kupasuka. Na chombo ulichompashia panya kisirudi jikoni, nawa mikono, salmonela (bakteria wa kuharisha) ipo kweli. Panya hai mimi sishauri hata kidogo, akiachwa humo na nyoka asiye na njaa, panya ndo atamtafuna nyoka mgongo, vidonda vyake vinasikitisha kuviona.

Pia muulize aliyekuuzia alikuwa anamlisha nini. Wafugaji wengine wanatumia Mastomys, huyu panya shamba wetu anayemaliza mahindi ya watu Morogoro, kule anafugwa makusudi kwa sababu bolpaithoni wanampenda kuliko panya mweupe.

*Konsneki wangu (corn snake, nyoka wa Marekani asiye na sumu) katoka kwenye yai juzi juzi, mwembamba kama kamba ya kiatu, vitoto vya panya anavikwepa.*

Kwanza asubiri ajivue gamba mara ya kwanza, kabla ya hapo si rahisi ale. Porini kule kusini mashariki mwa Marekani vitoto vya konsneki vinapenda mijusi, kwa hiyo msugulie kitoto cha panya kwenye mjusi ili kichukue harufu. Ikishindikana toboa kichwa cha huyo panya, ambaye ameshakufa lakini, mweke na nyoka kwenye kontena dogo lenye matundu na karatasi laini ndani, uwaache gizani mpaka asubuhi. Inatisha kidogo ila inafanya kazi. Kumlazimisha mdomoni muachie vet (daktari wa wanyama), ukijifanyia mwenyewe utamvunja taya.

*Nitajuaje sasa hapa ni hatari?*

Mzani wa jikoni, mpime kila wiki uandike. Macho yakiwa ya bluu bluu anataka kujivua gamba, subiri. Akipungua kama sehemu moja ya kumi ya uzito, au anatoa mapovu mdomoni na kupumua kwa sauti, mpeleke vet siku hiyo hiyo.

*Mwanangu kaokota kinyoka cha kahawia kwenye banda la kuku, tumemwekea panya hali. Tufanyeje ale? (Mama, Nakuru)*

Mama, huyo msimlishe. Kenya kumfuga nyoka wa porini bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la serikali, ni kosa, na kubwa zaidi hamjui ni nani huyo. Kuna nyoka anayekula mayai ya ndege peke yake, panya hamgusi hata afe njaa, na hana sumu, lakini anafanana mno na vipiri wenye sumu, na kipiri mdogo ana sumu tangu siku anazaliwa. Msijaribu kulinganisha picha kwenye simu. Funikeni hilo boksi, mtoto asiliguse tena hata kwa kijiti, na pigieni ofisi ya KWS ya hapo karibu waje wamchukue leo.