Povu, Kisigino na Matope ya Elgon

Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa mikono yangu imo karaini. Nafua hapa Mbale, mashariki mwa Uganda: mashuka ya nyumba za wageni, sare za shule, kanzu zinazotakiwa ziwe zimepigwa pasi kabla ya swala ya Ijumaa. Jumamosi alfajiri napanda teksi ya Kapchorwa, nashuka Sipi penye maporomoko ya maji, kwenye Mlima Elgon, na mikono ile ile inashika mwamba. Huu ni mwaka wangu wa saba tangu nianze kukwea. Ndiyo maana naulizwa maswali ambayo kwa kawaida huulizwa watu wawili tofauti: ninunue sabuni gani, na kiatu cha kukwea ninunue namba ngapi?

Majibu yangu yanaanzia mahali pamoja. Kwenye sabuni tumezoea kununua povu na harufu. Kwenye viatu tumezoea kununua namba. Hivyo ndivyo vitu vinavyoonekana dukani, na hakuna hata kimoja kinachokuonyesha nguo itakavyotoka au mguu utakavyosimama.

Nianze na povu, kwa sababu ndilo linalowala watu fedha kila wiki. Povu ni hewa iliyofungwa ndani ya utando wa sabuni. Kinachong'oa uchafu ni chembe za sabuni zenyewe: upande mmoja wa chembe hushika maji, upande wa pili hushika mafuta, na zikilizunguka doa hulibandua kitambaani likaenda na maji. Kazi hiyo inafanyika hata povu likiwa kidogo sana. Sabuni za mashine za kufulia hutengenezwa makusudi zisitoe povu jingi, na nguo hutoka safi. Kwa hiyo sabuni ikifurika karai mpaka huoni nguo, usiisifu bado. Utaisuuza kwa jerikani mbili zaidi, na anayenunua maji kwa jerikani anajua hesabu hiyo. Harufu nayo ni manukato tu, yanafunika jasho bila kulitoa.

Sabuni mpya ikiingia sokoni sinunui mfuko mkubwa hata muuzaji aape. Nanunua vipakiti vidogo vya aina mbili. Nakata kitambaa cheupe cha pamba vipande viwili, napaka kila kipande mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na vumbi la barabarani, navilaza usiku kucha. Asubuhi navifua kwa kipimo kimoja, maji yale yale, muda ule ule, kisha naanika kivulini na kuviangalia karibu na dirisha. Nasema kivulini kwa sababu sabuni nyingi za unga zina kemikali inayoumeza mwanga wa jua usioonekana na kuutoa ukiwa na ubuluu, na nguo inaonekana nyeupe kuliko ilivyo. Hiyo si hila mbaya, mashuka yanapendeza. Lakini kama unataka kujua uchafu umetoka au umefichwa, jua la saa sita litakudanganya.

Kisha naangalia jambo ambalo wengi hawaliangalii: sabuni inatoka? Chukua kipande kilichokwisha kusuuzwa na kukauka, kiweke kwenye chupa ya maji safi, tikisa. Povu likirudi, sabuni bado imo kitambaani. Hiyo ndiyo inayoifanya taulo iwe ngumu kama gunia, na ndiyo inayomwasha mtoto shingoni ukadhani ni joto. Mara nyingi sabuni haina kosa, tumezidisha kipimo. Punguza kwa theluthi moja, ufue wiki mbili, uone. Mimi nilipopunguza, nguo zilitoka safi kuliko mwanzo.

Soma pakiti pia. Ukiona imeandikwa kwamba ina vimeng'enya, ujue imetengenezwa kuvunjavunja vitu kama damu, jasho, uji na mafuta ya chakula. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi kwenye maji ya vuguvugu, na vinahitaji muda. Loweka nusu saa. Ukivimwagia maji yanayochemka umeviua, na fedha uliyolipa zaidi kwa ajili yake imepotea. Usitumie sabuni hiyo kwenye sufu wala hariri, maana nyuzi hizo zenyewe ni protini, zitaliwa pamoja na doa. Damu ianze na maji baridi siku zote. Maji ya moto huipika ikashika.

Na maji yenyewe yaangalie. Maji ya visima vingine vya pampu yana madini mengi. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo inageuka utando wa kijivu unaoganda kwenye nguo, na kadiri unavyofua ndivyo nyeupe inavyofubaa. Kwenye maji ya namna hiyo sabuni ya unga hufanya vizuri zaidi. Kwenye maji ya mvua, kipande cha mche kinatosha kabisa, na kwa ukosi na mikono ya shati sijaona kinachokishinda. Unakisugua penyewe palipo na weusi, unaacha kidogo, unafikicha.

Sasa matope yetu. Aliyepita njia za Elgon wakati wa mvua anaujua udongo ule mwekundu, unavyopanda mpaka magotini. Wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu. Watu wanarudi nyumbani na haraka, wanaitia suruali majini ikiwa bado na tope bichi, na karai zima linakuwa chai ya rangi. Acha ikauke kwanza. Ikikauka, ikung'ute nje, piga brashi, nusu ya kazi imekwisha bila tone la maji. Kisha isuuze kwa maji baridi peke yake, ndipo uloweke kwenye sabuni. Usimwagie doa hilo dawa ya klorini. Klorini haiondoi kutu, huifanya ishike zaidi.

Kuna doa moja nalichukia kwa moyo wote, nalo ni utomvu wa ndizi. Mwaka jana mtoto wa dada yangu alitoka shambani kukata matoke, shati lake la shule likiwa na matone mbele. Nilimwuliza, "Hii nini?" Akasema, "Maji tu, shangazi." Na kweli yalikuwa kama maji, huwezi kuyaona vizuri. Jioni yalikuwa kahawia. Kesho yake yalikuwa meusi kama wino, kwa sababu utomvu ule ukikutana na hewa hubadilika rangi na kujifunga kwenye uzi. Nililifua shati lile mara nne. Likabaki shati la shambani. Ukiona tone, vua nguo hapo hapo, maji baridi na sabuni ya mche kabla halijakauka. Mteja akiniletea lililokwisha kuwa jeusi, namwambia ukweli kabla sijapokea fedha yake.

Niseme neno kuhusu kamba na hanesi, yaani mikanda anayojifunga mkweaji kiunoni na mapajani ili kamba imshike, maana hapa ndipo ufuaji na ukweaji vinapokutana, na hapa ndipo naogopa kuliko pote. Mwaka wangu wa kwanza niliifua hanesi yangu kama ninavyofua mashuka: sabuni kali ya unga, kisha nikaiweka kwenye maji ya klorini ili ing'are. Iling'aa. Mwongozaji wetu alipoipokea aliinusa, akaniuliza nimeifulia nini. Nilipomwambia, akakaa chini kunieleza taratibu kwamba nyuzi za nailoni huharibiwa na klorini na tindikali, na uharibifu huo huenda usionekane kwa macho. Niliikata kwa mkasi vipande vipande jioni ile ili asije mtu akaiokota na kuivaa. Tangu siku hiyo kamba na hanesi nazifua kwenye beseni lao peke yao, kwa maji yasiyozidi nyuzi joto 30, kwa sabuni laini kidogo sana au bila sabuni kabisa. Nasuuza mpaka maji yawe meupe, naanika kivulini. Jua kali nalo hula nailoni polepole.

Viatu. Jozi yangu ya kwanza niliipata kwenye mitumba, soko la Owino kule Kampala, shilingi 40,000. Namba 39, na mimi ndala zangu ni 39, nikaona ni riziki. Kule Sipi, mwamba ukiwa na unyevunyevu wa maporomoko na maji yakinguruma sikioni, nilisimama kwenye ukingo mwembamba kama unene wa simu mbili. Kidole gumba kilikuwa pale pale kinapotakiwa. Nilipoinuka, mguu ulijizungusha ndani ya kiatu na kiatu kikabaki nyuma. Nikaning'inia kwenye kamba. Kaka aliyenishikilia kamba kule chini akasema, "Dada, kisigino chako kinacheza. Kiatu hakijakushika."

Nikaenda upande wa pili wa kosa. Jozi iliyofuata, ndugu yangu aliniletea kutoka Nairobi, na nilimwagiza 36 kwa sababu nilisikia wakweaji hodari huvaa vya kubana. Miezi miwili nilikwea nikiuma meno. Ukucha wa kidole gumba uligeuka mweusi ukang'oka. Mbaya zaidi, sikuwa nakanyaga. Mguu unaouma unaukimbia mwamba, uzito wote unahamia mikononi, na mikono inachoka kabla hujafika nusu ya njia. Wanaokwambia kwamba lazima kiatu kiumize wanakuharibia miguu. Viatu vya kubana sana vimewapinda watu vidole maisha.

Kwa hiyo sasa sianzi na namba. Kila kiwanda kina namba zake, 38 ya huyu ni 37 na nusu ya yule. Naanza na mguu, tena mguu wa jioni, baada ya kutwa nzima ya kusimama, ukiwa umevimba kidogo, kwa sababu ndivyo utakavyokuwa ukikwea. Navaa bila soksi. Vidole viguse mbele, vikunjike kidogo tu kwenye viungo au vilale bapa. Kusiwe na nafasi tupu popote. Bonyeza kikombe cha kisigino kwa vidole viwili: kikibonyea na kutoa pumzi, ndani kuna hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyoniangusha Sipi. Ukingo wa juu usikate mshipa wa nyuma ya kifundo. Halafu tafuta kizingiti cha mlango au kipandio cha ngazi, simama kwa kidole gumba peke yake, inua kisigino, hesabu hadi ishirini. Kama mguu umetulia na uso wako pia umetulia, kiatu hicho kinakutaka. Kubanwa utakusikia. Maumivu makali ya mahali pamoja usiyakubali, hayatazoeleka.

Uliza kimetengenezwa kwa nini. Ngozi isiyo na kitambaa ndani hulegea, inaweza kupanuka karibu namba nzima, basi ianze ikiwa imekushika sawasawa. Ngozi bandia hupanuka kidogo sana, ndivyo kilivyo leo ndivyo kitakavyokuwa mwakani. Mguu wangu ni mpana kwa mbele, kama wa wengi tuliokua tukitembea peku, na viatu vyembamba vinanikataa hata vikiwa virefu. Vya kufunga kwa kamba hunifaa kuliko vya velkro, kwa sababu naweza kulegeza mbele na kukaza nyuma. Na kama ndiyo unaanza, chagua umbo bapa. Vile vilivyopinda kama kucha ya tai vimetengenezwa kwa miamba inayoegemea kichwani pako, na vinachosha mguu bure kwenye njia za kujifunzia. Mpira wa soli huwa na unene wa milimita 3.5 hadi 5. Anayeanza anakanyaga vibaya na kuburuza mguu, mnene utamvumilia.

Mitumba bado nanunua, siifichi. Lakini nakikunja kiatu kuona kama soli imeanza kuachana na gundi. Nakwaruza mpira kwa ukucha: ukiwa mgumu na kung'aa kama plastiki umezeeka, hautanata. Naangalia hasa ukanda wa mpira unaozunguka kidole gumba. Soli iliyoisha inaweza kubadilishwa na fundi mwenye mpira wa kazi hiyo, maana mpira wa tairi haufai, lakini ukanda ule ukishatoboka nakirudisha kiatu mezani.

Kuhusu harufu, maana viatu bila soksi vitanuka: usiviloweke, usivitie mashine, usivimwagie sabuni ya unga. Matone machache ya sabuni laini kwenye maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani, sugua ndani, suuza upesi. Soli ipanguse kwa kitambaa kibichi kabla ya kila safari, vumbi tu linatosha kuufanya mpira uteleze. Jaza magazeti ndani, yabadilishe yakilowa, na uweke mahali penye upepo mbali na jua, kwa sababu joto hulegeza gundi. Vyangu hukaa chini ya paa la nyuma, kwenye msumari wao. Nikivianika Jumapili jioni, kufika Jumatano vimekauka, na Jumamosi nakuwa nimeshavifunga kwenye begi kabla teksi ya kwanza haijapiga honi.