Ukienda kuwauliza wazee habari za miti, anza na kazi, dawa iache kwanza

Kuna swali naulizwa sana inbox, kwamba inakuwaje wazee wa huku kwetu kusini mwa Tanzania wanakaa na mimi kunisimulia mambo ya miti na majani mpaka jua linazama, wakati wengine wakienda wanaambiwa tu "hayo ya zamani mwanangu, nimeshasahau". Jibu langu ni hilo hapo juu. Kijana anatoka zake mjini na simu mkononi, anamkuta bibi wa watu Newala au Tandahimba huko, hajasalimia vizuri ameshaanza, huu unatibu nini, na ule je? Bibi lazima afunge mdomo. Dawa ni mali ya ukoo, halafu anajua kabisa ukienda kumnywesha mtu ndivyo sivyo lawama zitamrudia yeye. Kwa hiyo utapewa nusu, na nusu ya dawa ni hatari kuliko kutokujua kabisa.

Muulize kazi. Nyumba yenu ya zamani mlifungia nini hizo fito? (Utasikia habari za magome ya miyombo, yanavyobanduliwa na kuchanwa kamba.) Mlikuwa mnalalia nini? Mwaka wa njaa mlikula nini? Hapo mzee anabadilika sura, mikono inaanza kuonyesha yenyewe.

Chukua mkeka. Wengi tunaujua umeshatandikwa, basi. Mimi nilikaa barazani na mama mmoja wa Mikindani, hataki hata kuniangalia, vidole vinakwenda tu, akaniambia ukindu mzuri, yaani yale majani ya mkindu ya kusukia, ni lile kuti changa la katikati, ambalo bado halijafunguka, likishafunguka limekomaa linakatika. Linaanikwa mpaka linakuwa jeupe, ndo unachana chane zote upana mmoja, zile za rangi zinachemshwa kwenye sufuria na rangi, halafu kabla ya kusuka unazilowesha kidogo ziwe laini maana kavu zinavunjika na zinakata vidole. Unasuka ukili mrefuuu, yaani ule mkanda wa chane zilizosukwa, unauviringisha, na ukili ukitosha ndo unaanza kushona, mzunguko kwa mzunguko mpaka mkeka unatokea. Kosea upana wa chane mwanzoni uone, mkeka mzima utapinda. Hayo yote sikuuliza, niliuliza tu "mama hii unaanzia wapi".

Swali la njaa nalo usiliruke ila liulize kwa adabu, maana kuna watu walizika ndugu zao miaka hiyo. Ming'oko, vile viazi vya porini, kila mtu wa Mtwara anaijua, inachimbwa, inachemshwa, mpaka leo inauzwa barabarani. Ila waulize kuhusu ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu, watu walikuwa wanakikata vipande vyembamba na kukilowesha kwenye maji siku kadhaa ndo kiliwe, na asiyejua hiyo kazi alikuwa anaweza kufa. Sasa fikiria, kuna mtu zamani huko aligundua kwamba maji yanaondoa ile sumu, akamfundisha mwanae, mwanae akafundisha wake. Kwangu mimi huo ni utaalamu mkubwa kabisa na haujaandikwa jina la mtu yeyote. (Na tafadhali usiende kujaribu mwenyewe kwa kusoma hapa.)

Swali lingine ninalolipenda sana, kabla ya mikorosho hapa palikuwa na nini? Maana mkorosho tunauona wa kwetu tangu enzi lakini ni mgeni, Wareno ndo waliuleta kutoka Brazil karne ya 16, na haya mashamba makubwa ya karibu kila kijiji ni ya juzi juzi tu. Ukiuliza hivyo mzee anakurudisha msituni. Utasikia sandarusi, ule utomvu uliogandia ardhini miaka na miaka, karne ya 19 watu wa pwani hii walikuwa wanauchimba, unapelekwa Zanzibar, na kutoka pale meli zinaubeba mpaka Salem kule Marekani kutengenezea vanishi. Ile bora ni ya kuchimbwa, ukiiosha ngozi yake ina vipele vidogo vidogo, na nyingine ndani ina mdudu mzima kabisa. Baadaye ukaja mpira wa mwitu, ukitoka kwenye mitambaazi ya porini ambayo mabungo tunayokula ni ya ukoo wake. Watu wanakata mtambaazi, utomvu ukiganda wanauviringisha matufe, unashuka bandarini Lindi. Yaani vanishi ya kabati la mtu huko Marekani ilianzia kwenye jembe la mtu wa huku, na shuleni mimi sikufundishwa hata siku moja!

Mpingo sitausemea sana, wachongaji wa Kimakonde wameutangaza vya kutosha. Ila ukimpata mchongaji muulize anachaguaje gogo kabla hajalikata, maana nje ni jeupe na kiini ndo cheusi, na gogo linaweza kuonekana zima kumbe ndani limeoza.

Sasa mambo ya kushika. Nenda wakati wa kazi yenyewe, mtu akiwa anasuka au anaezeka makuti, usimtoe shambani kuja kukaa kwenye kiti. Omba ruhusa kabla ya kurekodi na ukimaliza umsikilizishe, atakusahihisha. Andika jina la mti kwa lugha aliyotumia, Kimakonde, Kimwera, Kiyao, pamoja na jina la kijiji, kwa sababu jina hilo hilo ukivuka kilometa chache linaweza kuwa mti mwingine kabisa. Na kama hamuelewani ni mti gani, kata kitawi chenye majani na ua au tunda, kibane katikati ya magazeti, uwe unabadilisha magazeti kila siku mpaka kikauke, halafu tafuta njia kifike Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale kitengo cha botania wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya kulinganishia. Jani peke yake halitoshi, hakikisha una ua au tunda.