Maswali na majibu: mlo wa papi (mtoto wa mbwa) wa mbegu ndogo

Papi wangu ana wiki tisa na kilo moja. Anakula asubuhi na jioni, sawasawa na mbwa wetu wa getini. Inatosha? (Tabata)

Haitoshi, na kwa papi mdogo hivyo ni hatari. Watoto wa Chihuahua, Maltese au Yorkshire Terrier wana ini dogo na misuli michache, kwa hiyo sukari ya akiba mwilini huisha haraka wakikaa na njaa. Mpe milo minne hadi afikishe miezi minne: saa 12 asubuhi, saa 5, saa 10 jioni na saa 4 usiku. Huo wa saa 4 usiuruke hata siku moja, kwa sababu usiku ndio muda mrefu kuliko yote bila kula. Baada ya hapo mpe mara tatu hadi miezi sita, kisha mara mbili.

Kuhusu kiasi, papi wa kilo moja katika umri huo anahitaji takriban kilokalori 210 kwa siku. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa mara nyingi huwa na kilokalori 350 hadi 400 kwa gramu 100 (soma mfuko wako), hivyo ni gramu 52 hadi 60 kwa siku, yaani 13 hadi 15 kila mlo. Tumia mizani ya jikoni, si kikombe. Kosa la gramu 5 halimsumbui mbwa wa getini, lakini kwa huyu ni theluthi ya mlo mzima. Mpime uzito kila wiki na urekebishe. Usizidishe tu kwa kilo: akifika miezi mitano na kilo mbili atahitaji kama kilokalori 235, kwani kasi ya kukua imepungua. Ukimpapasa, mbavu zisikike kirahisi chini ya vidole bila kutokeza.

Asubuhi nimemkuta amelegea, anatetemeka na kuyumba. Nifanyeje? (Mbagala)

Dalili hizo mara nyingi ni sukari kushuka. Mpake asali, au glukosi iliyokorogwa kwa maji kidogo, kwenye fizi kwa kidole. Usimmiminie kitu mdomoni, kwani akishindwa kumeza kitaingia kwenye mapafu. Mfunike kwa kanga apate joto, na akichangamka mpe chakula. Hata akionekana mzima, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo: kuhara, minyoo au ugonjwa wa parvo (virusi vya utumbo) huweza kuwa nyuma ya hali hiyo.

Naweza kumlea kwa ugali na dagaa? (Temeke)

Kama mlo mkuu, tunakushauri usifanye hivyo. Tumbo lake ni dogo. Ugali hulijaza kabla hajapata protini ya kutosha. Nyama tupu nayo ina fosforasi nyingi na kalisi kidogo mno, na papi anayelelewa nayo mifupa hulainika na miguu kupinda. Mpe chakula kamili cha watoto wa mbwa. Dagaa waliooshwa mchanga, wasio na chumvi, wawe kionjo kisichozidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Unga wenye ukungu usimpe kabisa: sumukuvu huharibu ini na haiishi kwa kupikwa. Vitunguu, chokoleti, zabibu na mifupa ya kuku iliyopikwa viwe mbali naye.

Maziwa ya ng'ombe je? (Kigamboni)

Hapana, mengi humharisha. Akishaachishwa kunyonya, maji safi yanatosha.

Tumbo kubwa, mbavu zinaonekana, na anakula vizuri. (Ubungo)

Minyoo ndiyo ya kushuku kwanza. Kuongeza chakula hakutasaidia kabla hajapewa dawa, na kipimo chake hufuata uzito, hivyo kamwe usigawe kidonge cha mbwa mkubwa kwa kukisia.

Mchana wa joto anasusia chakula. (Sinza)

Lowesha punje kwa maji ya uvuguvugu zitoe harufu, mwekee penye kivuli na upepo. Asipomaliza kwa dakika 20, ondoa na utupe, maana chakula kilicholowa huchacha upesi kwa joto la Dar. Kikavu kihifadhi ndani ya mfuko wake, ndani ya ndoo yenye mfuniko, hasa wakati wa masika. Akisusa milo miwili mfululizo akiwa chini ya miezi minne, usingoje wa tatu: mpeleke kwa daktari.