Mpira wa gesi ya gari si mpira wa haidroliki: maneno kwa fundi anayeanza

Mdogo wangu, ukiingia karakana ya kufunga mifumo ya gesi asilia kwenye magari hapa Dar es Salaam, siku za mwanzo macho yako yote yatakuwa kwenye mtungi. Ni haki yake, maana ni mkubwa na mzito, na kila mteja anauliza kama unaweza kulipuka. Ila mtungi una namba yake na cheti chake, na wote tunauogopa. Mpira unaopitisha gesi hiyo hakuna anayeuogopa, ndiyo maana nataka tuuzungumzie mpira.

Kwanza uijue njia ya gesi. Kutoka mtungini hadi kwenye redusa, yaani kifaa cha kupunguza presha, gesi imebanwa kwa baa 200 pakijaa (baa ni kipimo cha presha). Sehemu kubwa ya njia hiyo ni paipu ya chuma isiyo na mshono, na mpira unawekwa pale tu panapotikisika au panapolazimika kujikunja. Baada ya redusa presha imeshuka sana, na hapo unakuta mipira laini inayokwenda kwenye injekta zinazopuliza gesi kwenye injini. Kanuni namba 110 ya Umoja wa Mataifa, ambayo alama yake utaiona kwenye vifaa vingi vinavyotoka Ulaya, inagawa vifaa kwa presha. Kuanzia juu ya baa 30 hadi 260 ni Daraja la 0, baa 4.5 hadi 30 ni Daraja la 1, na chini ya hapo ni Daraja la 2. Usiweke mpira wa daraja la chini kwenye njia ya daraja la juu hata kwa dakika tano za kujaribu.

Na hiyo baa 200 inahesabiwa kwa joto la nyuzi 15. Nani kaiona nyuzi 15 hapa Ubungo? Gari likijazwa vizuri kisha likaegeshwa juani mchana wa Februari, geji itapanda kupita 200, na hilo si kosa la aliyejaza. Ndiyo sababu kanuni inavitaka vifaa vihimili hadi baa 260.

Sasa tuje kwenye kishawishi chenyewe. Mpira wa gesi umechakaa, halisi wa gesi haupatikani leo, mteja ana bajaji na anahesabu hesabu ya jioni ya tajiri. Mtu atakwambia kuna duka la haidroliki, yaani mipira ya mafuta ya kusukuma mashine, hapo jirani, wanakata na kubana mpira wa winchi unaobeba baa 300 na zaidi, tena kwa bei nafuu. Atasema presha inatosha na inabaki. Kwa presha anasema kweli. Tatizo ni kwamba presha ni swali moja tu kati ya manne.

Swali la pili ni gesi kupenya. Mafuta ya haidroliki ni mazito, yanabaki ndani. Gesi asilia karibu yote ni methani, na methani inapenya ndani ya ngozi ya mpira polepole. Presha ikishuka ghafla, ile gesi iliyomezwa na mpira inatanuka ikitafuta pa kutokea, na ngozi ya ndani inafanya malengelenge au kupasuka. Mpira wa gesi nao unapenyeza, tusidanganyane, lakini kuna kipimo: kanuni hiyo ya 110 inaruhusu isizidi sentimita za ujazo 95 kwa kila mita ya mpira kwa saa 24. Kwa sababu hiyo mipira mingi ya gesi ina vitobo vidogo kama vya sindano kwenye ganda la nje, vilivyowekwa kiwandani ili gesi iliyopenya itoke bila kulivimbisha ganda. Usivione ukadhani ni ubovu, na usije ukavipaka gundi.

La tatu ndilo linalosahaulika zaidi: umeme tuli. Gesi inapokimbia ndani ya mpira ikiwa na vumbi na matone ya mafuta ya kompresa, inachaji ukuta wa ndani. Ukuta ukiwa haupitishi umeme, chaji inajikusanya, mwisho inaruka kupitia ukutani kwenda kwenye waya wa kuimarisha na kuacha tobo ambalo jicho halilioni. Mpira wa gesi unatengenezwa ngozi ya ndani ipitishe umeme, mara nyingi kwa kuchanganywa na kaboni, na unapimwa hivyo kabla ya kuuzwa. Wewe ukichukua mita yako ya kupimia umeme ukagusa ncha mbili, italia tu, kwa kuwa waya wa katikati umeunganisha vichwa vyote viwili. Mita haikuambii chochote kuhusu ngozi ya ndani. Hapo unategemea maandishi ya kiwandani.

La nne ni kuzeeka. Kwenye kipimo cha kanuni hiyo ya 110, kipande cha mpira kinavutwa asilimia 20 kuzidi urefu wake, kinawekwa kwenye hewa yenye ozoni, gesi inayopasua mpira, kwa nyuzi 40 kwa saa 120, na hakitakiwi kuonyesha ufa. Kipimo kama hicho huwezi kukifanya uani.

Kwa hiyo jifunze kusoma mpira. Ule wa Daraja la 0 unatakiwa kuwa na maandishi kila baada ya nusu mita au chini ya hapo: alama ya mtengenezaji, mwaka na mwezi wa kutengenezwa, ukubwa na aina, na neno CNG (gesi asilia iliyobanwa) pamoja na daraja lake. Hakuna maandishi, hakuna kazi. Na usiukate ukaubana upya, kwa sababu uliopimwa ni mpira pamoja na vichwa vyake.

Kwenye kufunga, tumia spana mbili, moja ishike, nyingine izungushe nati. Ukitumia moja mpira unajisokota. Utajua kwa ule mstari wa maandishi: ukiuona unazunguka kama kamba, legeza uanze upya. Mpira ukae angalau milimita 100 kutoka kwenye ekzosi, vinginevyo weka kinga ya joto. Kwenye bajaji angalia kila mahali mpira unapogusa fremu, mtikisiko wake hauna huruma.

Kupima uvujaji ni maji ya sabuni, na sabuni isiwe na amonia, kwani inapasua viungo vya shaba nyeupe. Fungua valvu ya mtungi taratibu, presha ipande kidogo kidogo huku unaangalia mapovu. Ukiyaona, funga valvu, toa gesi yote iliyo kwenye njia, ndipo ukaze. Kukaza nati yenye baa 200 ndani yake ni kazi ya mtu aliyechoka kuishi. Kiberiti nacho kikae mbali: methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa inawaka, na kwenye buti lililofungwa haihitaji muda mrefu kufika hapo.

Andika kwenye faili la mteja mwezi na mwaka uliosomwa kwenye mpira, siyo tarehe uliyoufunga tu. Na ule uliouondoa, ukate vipande viwili kabla haujatoka karakanani. Ukiutupa mzima kuna atakayeuokota, akaufuta vumbi, na utauona tena mezani kwa mtu ukiuzwa kama mpya.