Kipindupindu gerezani: anzeni na kufuli, mtondoo na maji

Umeuliza, mkuu: mahabusu katolewa mwaloni, panaposhushwa samaki, huko Ukerewe, kaingizwa gerezani Mwanza jioni, usiku kaanza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Je, chumba kizima kipewe doksisaiklini, ile dawa ya kuua bakteria?

Hapana. Dozi moja ya mg 300 ni ya mgonjwa mtu mzima aliyepungukiwa sana maji. Ukiwagawia wote unamaliza akiba na kuzalisha usugu wa vimelea kwa dawa, huku mtondoo, ile ndoo ya choo cha chumbani, uko palepale pembeni.

Jambo la kwanza ni kufuli. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, kwa hiyo askari wa zamu awe na amri ya maandishi ya kufungua usiku akiitwa na nyapara, mfungwa msimamizi wa wenzake. Kusubiri asubuhi ni kumuua mtu. Mtoeni mumtenge, hata stoo itafaa, mumwanzishie ORS, yaani chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama. Aliyepungukiwa maji kiasi anywe ml 75 kwa kila kilo ndani ya saa 4, yaani lita 4 na nusu kwa mtu wa kilo 60. Aliyelegea, hawezi kunywa, atundikiwe dripu ya Ringer: ml 30 kwa kilo ndani ya nusu saa, kisha ml 70 kwa kilo ndani ya saa mbili na nusu. Mganga Mkuu wa Wilaya ajulishwe siku hiyohiyo.

Klorini ya unga ya asilimia 70 pimeni kwa kijiko cha chakula kilichosawazishwa, kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20. Kijiko 1 ni cha kunawa mikono, vijiko 4 ni vya sakafu na vyombo. Ya kinyesi na matapishi ni kali, vijiko 2 kwa kila lita 1. Hiyo kali mimineni kama sentimita moja kwenye mtondoo kabla haujatumika, si baada. Changanyeni upya kila siku, msitie sabuni ndani yake. Sakafu yenye uchafu isuguliwe kwanza, maana uchafu unaila klorini yote.

Kosa hilohilo hutokea kwenye maji ya kunywa. Maji ya ziwa wakati wa mvua yana tope. Mkitia kidonge cha klorini yakiwa hivyo, mnakunywa vimelea vilevile. Tulizeni tope kwa shabu, jiwe la kusafishia maji, chujeni kwa kitambaa, ndipo mtibu kwa klorini, msubiri dakika 30. Kipimo cha klorini kisome angalau mg 0.5 kwa lita. Kikisoma chini ya hapo, ongezeni. Kata ya kuchotea ipigwe marufuku, tumieni ndoo yenye koki.

Waliolala naye wasichanganywe na wengine kwa siku 5, wala wasipandishwe karandinga kwenda mahakamani. Barua iende kwa hakimu kuomba kesi zisogezwe. Anayemaliza kifungo ndani ya siku hizo hamwezi kumzuia, ila apewe pakiti za ORS, na halmashauri ya kwao ipigiwe simu kabla hajapanda kivuko.