Kwa dada aliyefiwa na kaka: jaribu sindano na uzi

Pole sana dada. Umesema daftari uliloshauriwa kuandikia linakuliza tu, watu wa matanga wameshaondoka, na unauliza kama kuna aliyewahi kupata nafuu kwa kazi ya mikono. Mimi nilipata, kwa kudarizi maneno. Ni fundi cherehani hapa Kisumu, lakini kazi hii naifanya kwa mkono.

Binti yangu alikuwa na selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu ambao familia nyingi za huku ziwani tunaujua. Maumivu yalipomshika miguuni usiku alikuwa akiniambia, "Sugua tena hapo." Alipofariki watu waliniletea maneno mengi ya faraja, nawashukuru, ila kichwani mwangu yalikuwa yakizunguka hayo matatu tu. Kuyaandika kwa kalamu kulikwisha mara moja, nikabaki nayo palepale. Kuyadarizi kulichukua majuma, na katika majuma hayo nilimkumbuka bila kuzama.

Naamini kinachosaidia ni ule mwendo wa polepole. Ukifika kwenye S huwezi kukimbia, mkunjo wake unataka mishono mifupi mifupi, la sivyo herufi inatoka na pembe. Macho yako kwenye sindano, na uchungu nao upo, ila mikono ina kazi. S ile ya kwanza niliilowesha machozi. Nilipofika G nilikuwa tayari nakumbuka alivyokuwa akicheka nikimsugua nyayo.

Vifaa si ghali. Nilikata kipande cha shuka lake la pamba, lililolainika kwa kufuliwa. Kama huna nguo ya kaka yako, kitambaa cha marekani kinatosha, au pitia mitumba ya soko la Kibuye Jumapili. Piga mistari miwili kwa rula, andika herufi kubwa kwa penseli katikati yake. Uzi wa kudarizi huwa na nyuzi sita pamoja. Zitenganishe utumie tatu. Mshono mwepesi ni ule wa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele kidogo, kisha inarudi kuzama pale mshono uliopita ulipoishia.

Maneno yawe machache, na yawe yake. Usishone "Pumzika kwa amani" eti kwa kuwa ndiyo yaliyozoeleka. Kaka yako alikuwa akikuitaje? Shona hilo.

Kuhusu daftari, wala usilitupe. Mwaka 1986 huko Marekani, watafiti James Pennebaker na Sandra Beall waliwapa wanafunzi wa chuo kazi ya kuandika dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo. Walioandika machungu yao pamoja na walivyojisikia walikuwa na huzuni zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari mara chache kuliko wenzao. Kwa hiyo machozi yako hayamaanishi kwamba unaharibika.

Si lazima kitambaa kitundikwe. Changu kilikaa kabatini muda mrefu hadi mama mkwe alipokiulizia mwenyewe. Wengine huona afadhali jina lionekane na wote: mwaka 1987 mjini Washington, jamaa na marafiki wa waliokufa kwa Ukimwi walitandaza vipande 1,920 vya kitambaa uwanjani, kila kimoja futi 3 kwa 6, kadiri ya kaburi, kikiwa na jina la marehemu. Sisi wa huku, tuliozika watu wetu wa ugonjwa huo kwa kunong'ona, tunajua uzito wa jina kuwekwa wazi hivyo.

Jambo moja nakusihi. Ukiona hulali, huli, au unawaza kujidhuru, usingoje umalize kitambaa. Piga 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, ni bure, kuna watu wa kukusikiliza. Mimi pia nilikwenda kwa mshauri, na sindano niliendelea nayo.

Niandikie hapa neno ulilochagua, nikwambie herufi zipi zitakusumbua na uanzie wapi.