Inchi mbili zilizoniweka benchi: ushauri wangu kuhusu urefu wa gongo la hoki

Juzi umeme ulirudi baada ya siku mbili za giza. Nikachomeka simu, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa binti mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, anayefuatilia maandishi yangu. Nauweka hapa kama alivyouandika: "Yaya, jambo. Miye niko nacheza mbele, niko na 1m62. Kuko muntu mumoja anauzisha gongo ya 37.5, eko naomba dola 45. Nikamate?"

Nikamjibu neno moja: usikamate. Yaani usilinunue hilo gongo la inchi 37.5.

Akauliza kwa nini. Nikaanza kuandika, nikafuta, nikaandika tena, nikafuta. Jibu lenyewe ni fupi, lakini kila nikiligusa linanirudisha Kitwe, kule Zambia nilikosoma, na ya Kitwe sijawahi kuyaandika popote. Basi dada mdogo, kaa vizuri. Na ninyi wengine mnaofanya mazoezi kwenye udongo wetu mwekundu huku mkiota kuvuka mpaka wa Kasumbalesa siku moja kwenda kucheza, kaeni pia.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Nikisema gongo nasema fimbo ya hoki. Binamu yangu wa Dar es Salaam alipoona nimeandika "nimenunua gongo jipya" alinipigia simu kwa hofu, maana kwao gongo ni ile pombe ambayo sisi tunaiita lutuku. Nilimweleza kwamba hili halileweshi. Sasa nadhani nilimdanganya.

Baba alinipeleka sekondari Zambia, kama wazazi wengi wa Lubumbashi walivyofanya miaka ile. Nilifika nikiwa mtu wa kandanda, mtoto wa Kenya, namaanisha komuni ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, si nchi. Nyumbani ulichagua Mazembe au Lupopo, hakukuwa na cha tatu. Kule nikakuta vijana wanakimbiza kampira kagumu kwa fimbo zilizopinda mwishoni, na ndani ya wiki tatu nilikuwa nimesahau kandanda. Miezi ya kujifunza naruka, haina utamu: ni malengelenge ya vidole na kuokota mipira. Ninachotaka mjue ni kwamba nilikuwa mzuri. Nilicheza mbele kushoto, na kuna mabeki leo wana watoto na bado nikikutana nao wanacheka kwa aibu.

Nilikuwa natumia gongo la shule la inchi 36.5, karibu sentimita 93. Ndio urefu wa kawaida wa mtu mzima, na ndio utakaoukuta mara nyingi. Lilikuwa la mbao, limechubuka kichwa, mpini umezungushiwa utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nililiona la aibu. Kwenye timu tulikuwa na beki mmoja mrefu kama mnazi aliyecheza na gongo la 38.5. Alikuwa ananyoosha mkono mmoja tu, mpira umeshamfikia. Akipiga, sauti inasikika hadi bwenini. Nikajiambia siri iko kwenye fimbo. Mimi nina mita 1 na sentimita 68 leo, wakati ule sikufika hata hapo, na bado nilijiambia hivyo.

Yule beki alipomaliza shule akaliuza. Nililinunua kwa pesa ambayo mama alinipa ya viatu.

Tazameni tofauti: 38.5 kutoa 36.5 ni inchi mbili. Sentimita tano. Ni urefu wa kidole gumba. Mtu atasema kidole gumba kitu gani? Sasa chukua fimbo yoyote, inama kama unapiga chenga, magoti yamekunjika, mkono wa kushoto juu ya mpini, wa kulia chini. Hamisha mpira kutoka kulia kwenda kushoto, kisha uurudishe ukigeuza kichwa cha gongo, maana hoki inataka upande bapa na ukigusa kwa mgongo wa gongo ni kosa. Angalia mkono wako wa kushoto unapita wapi. Unapita mbele ya tumbo, karibu kabisa. Ile ncha ya mpini inahitaji nafasi ya kupita. Ongeza kidole gumba hapo, ncha inakwama kwenye mbavu. Utafanya nini? Utasimama wima kidogo ili ipite. Ukisimama wima, mpira umekuwa mbali na miguu. Mpira ukiwa mbali na miguu, beki anautaka na anaupata.

Nilikuwa na alama ya bluu chini ya mbavu za kushoto kwa muda wote wa msimu ule. Niliwaambia wenzangu nimeanguka kitandani. Waliniita Mvuvi, kwa Kibemba chao, kwa sababu walisema nauvua mpira badala ya kuucheza.

Ilikuja nusu fainali. Tuko sare, zimebaki dakika chache. Nikapokea pasi upande wa kushoto, nikampita wa kwanza, nikaingia ndani ya duara, lile la mita 14.63 kutoka golini, ambalo usipopigia ndani yake goli lako halihesabiwi. Kipa akatoka. Nilikuwa nimefanya jambo hilo mara elfu moja: peleka kushoto, rudisha kulia, piga. Nikapeleka kushoto. Nikarudisha. Ncha ya mpini ikaingia tumboni kama ngumi. Mpira ukabaki pale pale nyuma yangu, na mimi nikaenda mbele bila mpira hadi nikagongana na kipa. Beki wao akaondoka nao taratibu.

Kocha alinitoa hapo hapo. Mbele ya timu zote mbili, mbele ya wasichana wa shule jirani, akasema, "Mvuvi, nenda mtoni." Tulishinda bila mimi. Fainali sikuchezeshwa, na msimu uliofuata jina langu halikubandikwa ukutani. Hakuna aliyeniambia tatizo ni gongo. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Mtu mzima, mwalimu, aliona kila siku mtoto anacheza na fimbo iliyomzidi, akaona heri amcheke kuliko ampime.

Basi pima. Vaa viatu unavyochezea, si kandambili. Simama wima, weka gongo kando ya mguu, kichwa chini. Ncha ya juu ikifika kwenye mfupa wa nyonga au kuuzidi kidogo, uko sawa. Ikikaribia mbavu, limekuzidi. Kuna njia nyingine: ligeuze, kichwa ukitie kwapani kama mkongojo, uone mpini unafika wapi, ukigusa juu tu ya goti ni urefu wako. Njia hizi mbili hazikubaliani kila mara, ile ya pili huwa inatoa gongo refu kidogo. Mimi naamini ya kwanza, halafu naamini tumbo kuliko zote mbili. Inama, piga chenga kumi. Tumbo litakuambia.

Kuhusu staili ya kucheza, ambalo ndilo swali lenyewe. Mshambuliaji na mtu wa chenga anahitaji mpira karibu na mikono inayogeuka haraka, kwa hiyo 36.5, na msichana wa 1m62 hata 36 ni sawa kabisa. Beki anahitaji kufika, kukaba kwa mkono mmoja, kupiga mpira mrefu. Huyo akiwa na urefu wa mwili, 37.5 inamfaa. Vivyo hivyo wale wataalamu wa kona ya adhabu wanaouburuta mpira ardhini kisha kuurusha golini: urefu wa gongo unawapa nguvu, kama kombeo lenye kamba ndefu. Kiungo achague anachokifanya zaidi. Haya yote nimeshayasema kwa maneno mengine: mbele fupi, nyuma refu. Sina siri nyingine.

Nyongeza moja ya kwetu. Tangu Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 mashindano makubwa yalipoanza kuchezwa kwenye nyasi bandia, mpira unateleza umenyooka, na mtu mwenye gongo refu anaweza kuunyooshea mkono akijua utakuwa pale anapoutegemea. Kwetu Katuba hakuna nyasi bandia. Kuna mawe, mashimo ya mvua ya Januari, na mwezi wa saba kuna vumbi na baridi ya asubuhi inayofanya vidole viwe vya mtu mwingine. Mpira unaruka. Lazima uwe chini, macho karibu nao. Kwa udongo wetu, ukisitasita kati ya urefu mbili, chukua fupi.

Ila fupi nalo lina adhabu yake. Tazama mama zetu wanavyofagia uwanja alfajiri kwa ufagio mfupi wa njiti, halafu wasikilize wanavyoshika kiuno wakinyooka. Ukimaliza mazoezi na mgongo wa chini unauma kila siku wakati wenzako wako salama, pima upya. Watoto wanaokua nawapima kila mwanzo wa mwaka wa shule.

Na usikate! Nasema kwa sauti kwa sababu najua kuna mtu ameshaangalia msumeno. Niliporudi Lubumbashi likizo, na hasira zangu, nilimpelekea fundi seremala mmoja lile gongo la 38.5 akate inchi mbili. Alinitazama, akatazama gongo, akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Gongo la mbao tupu unaweza kujaribu. Langu lilikuwa la nyuzi za kaboni na kioo, ndani ya mpini ni uwazi. Msumeno ulipopita, vumbi jeusi likaruka, fundi akakohoa, na tukabaki tunatazama tundu kama la bomba. Aliziba kwa kipande cha mti na gundi. Lakini uzito uliokuwa juu ulikuwa umeondoka, na kilichobaki chote kilikuwa kichwani. Nilipolishika lilikuwa nyundo. Chenga ya kwanza tu kiganja kiliuma. Mkitaka kujua, gongo linaruhusiwa hadi gramu 737, lakini mtu hachezi na mizani; unachokisikia mkononi ni uzito umekaa wapi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vitambaa hapa mjini. Aliniona nikipita na lile gongo la kukatwa akatoka nje ya duka akiacha wateja. Alikuwa amekulia Jalandhar, mji ambako magongo yanatengenezwa kama sisi huku tunavyotengeneza mkaa. Hakuniuliza nina urefu gani. Alinipa rula yake ndefu ya kupimia vitambaa, akasema inama, cheza. Nikacheza na rula katikati ya njia, watu wa teksi wanapiga honi. Akaweka kidole pale mkono wangu wa kushoto uliposhika, akasoma: sentimita 92. "Unajua sasa," akasema. Mwaka uliofuata alinileta 36.5 kutoka kwao, hakukubali pesa. Na kwa gongo hilo, wale waliobandika majina bila langu, mwaka wangu wa mwisho walitoa macho kunitafuta uwanjani. Magoli tisa. Kocha yule alinipa mkono. Niliupokea, mama alinilea vizuri, lakini sikusema kitu.

Sasa nafundisha vijana kumi na wanne, wasichana wakiwa wengi kuliko wavulana, na kila wiki kuna mtu mzima anasimama kando ya kiwanja kutuambia tunacheza mchezo wa Wazungu. Huwa namuuliza kama anajua Kenya, hiyo sasa nchi, ilimaliza ya nne kwenye Kombe la Dunia la kwanza la hoki, Barcelona, 1971. Namuuliza kama anajua wanawake wa Zimbabwe walichukua dhahabu ya Olimpiki Moscow mwaka 1980. Hajui. Jirani zetu hao, si watu wa mwezini. Sisi tumekaa tunahesabu makombe ya Mazembe kana kwamba Mungu aliumba mchezo mmoja. Vijana, acheni kununua fimbo ya mtu mliyemwona kwenye simu. Acheni kuona aibu ya vitu vidogo. Mtoto wa kiume hasa, anaona gongo fupi ni la wasichana. Nimewatoa wawili mazoezini kwa neno hilo, na nitatoa wa tatu.

Na wewe unayetumia mkono wa kushoto uliyeniandikia mwezi uliopita: usiendelee kutafuta, hakuna gongo la mashoto. Sheria inataka upande bapa uwe ule ule kwa wote. Kwa kweli una bahati, mkono wa juu ndio unaogeuza.

Binti wa Kampemba amenijibu asubuhi hii. Amejipima kwa fimbo ya pazia la mama yake, imefika 91. Yule muuzaji amemwambia 37.5 "ataikulia". Ana miaka 23.

Gongo langu la kukatwa bado lipo. Mama alilichukua la kuangushia maembe, na kila mwezi wa kumi na moja ananilalamikia kwamba ni fupi.